Mcheza kwao hutuzwa, lakini kwao ni wapi? Uhakiki wa maandishi ya Mats Steen na filamu ya «Ibelin»

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa ajili ya neno lake la mwisho, yaani tuzo, na ni wachache wanaosita kwenye neno la katikati. Kwao ni wapi? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Kwao mtu ni pale ngoma inapopigwa mbele ya watu wanaomjua baba yake na mama yake, ambao wakimwona anacheza vizuri humtuza kwa kuwa ni mtu wao. Lakini tangu watu walipoanza kucheza pamoja kwa njia ya kompyuta, kila mmoja akiwa chumbani mwake katika nchi yake, neno hilo dogo limekuwa zito.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuhakiki kazi mbili zinazomhusu mtu mmoja. Ya kwanza ni maandishi binafsi ya Mats Steen, kijana wa Norwe aliyefariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25, ambayo aliyapa jina la Kiingereza lenye maana ya «Tafakuri za Maisha». Ya pili ni filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Benjamin Ree, pia wa Norwe. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2024 katika tamasha la Sundance, Marekani, ikapata huko tuzo ya watazamaji na tuzo ya uongozaji katika kundi la filamu za hali halisi za kimataifa. Kwa Kinorwe inaitwa «Ibelin», jina la mhusika ambaye Steen alimcheza kwa miaka mingi. Hoja inayotetewa hapa ni hii: uthibitisho kwamba mchezo ulikuwa kwao Steen haumo katika sifa alizomiminiwa baada ya kufa, umo katika lawama alizopewa akingali hai.

2. Mtu na maandishi yake

Steen alizaliwa mwaka 1989 akiwa na ugonjwa wa Duchenne. Huu ni ugonjwa wa kurithi unaowapata hasa watoto wa kiume. Hudhoofisha misuli polepole, hata mgonjwa akashindwa kutembea, kisha kuinua mikono, kisha kupumua bila msaada. Steen alianza kutumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Miaka yake ya mwisho aliishi mjini Oslo, katika makao yake karibu na wazazi, akihudumiwa usiku na mchana, na muda wake mwingi aliupitisha mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwaka 2004. Imekadiriwa kwamba katika miaka kumi ya mwisho alicheza kwa saa kati ya 15,000 na 20,000.

Wazazi wake waliamini kwamba ugonjwa ulikuwa umemnyima urafiki, mapenzi na nafasi ya kuwafaa watu wengine. Alipofariki, baba yake alitangaza msiba palepale mwanawe alipokuwa akiweka maandishi yake, akaacha na anwani. Rambirambi zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, zikiandikwa na watu ambao familia haikupata kuwasikia. Baadhi yao walisafiri hadi Oslo kuhudhuria mazishi. Hapo ndipo wazazi walipogundua kwamba kijana wao alikuwa na watu.

Maandishi yenyewe ni machache, nayo yalianza mwaka 2013 tu. Kabla ya hapo wenzake wengi wa mchezoni hawakujua kwamba yule Ibelin shupavu, mpelelezi mwenye nguvu na maneno matamu, aliendeshwa na mtu asiyeweza kuinua kikombe. Ndani ya maandishi hayo Steen anaeleza ugonjwa wake na maana ya mchezo kwake. Anaikataa picha ya kijana anayekodolea macho kioo kwa kukosa la kufanya. Skrini anaifahamu kama mlango, na upande wa pili wa mlango huo watu wanamjua kwanza kwa maneno na matendo yake, kabla ya kukijua kiti chake.

Kwa upande wa fani, maandishi haya hayadai kuwa fasihi, na pengine ndiyo sababu yana nguvu. Mwandishi anapambana na hukumu mbili kwa mara moja. Ya kwanza ni dharau, inayosema kwamba mchezaji anapoteza maisha yake. Ya pili ni huruma, inayosema kwamba mgonjwa hana budi kujiliwaza kwa lolote. Kati ya hizo mbili, huruma ndiyo ngumu zaidi kuijibu, kwa sababu inakuja na uso wa wema. Steen anaijibu bila kulalamika: anaeleza tu anachokifanya, anakifanya na nani, na kwa nini kinamfaa.

Maandishi ya aina hii yana ukoo wake. Wale walioitwa kwa dharau, na ambao siku hizi wanajiita kwa fahari, magiki, yaani watu waliozama katika kompyuta, michezo na hadithi za kubuni, wamekuwa wakijiandika kwa muda mrefu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo ulioitwa MUD, ambao Richard Bartle aliuendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Milima, milango na mapigano yote yalikuwa maneno kwenye kioo. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala akiwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kuujua ulimwengu wa mchezo, wanaotafuta watu, na wanaotafuta kuwasumbua wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 1993, mwandishi Julian Dibbell alisimulia katika gazeti la Village Voice la New York jinsi mchezaji mmoja wa ulimwengu wa maneno ulioitwa LambdaMOO alivyowadhalilisha wenzake kwa maneno matupu, na jinsi wakazi wa ulimwengu huo walivyobishana juu ya adhabu inayomstahili. Kisa hicho ni cha kukumbukwa. Watu wasio na jamii hawabishani juu ya adhabu, huondoka tu.

3. Mchezo kama mazungumzo

Kiswahili kinampa mhakiki msaada ambao lugha nyingine zingemnyima. Kitenzi «kucheza» kinabeba mpira, karata, ngoma na tamthilia kwa pamoja, na «mchezo» ni jina la yote hayo. Mwanasosholojia wa Ufaransa Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, alilazimika kutafuta maneno ya Kigiriki, Kilatini na Kiingereza ili kutenganisha aina nne: mashindano, bahati nasibu, uigizaji na kizunguzungu. Msemaji wa Kiswahili huzitenganisha kwa muktadha. Ila urahisi huo una hatari yake, kwa sababu neno hilohilo hutumika pia kwa jambo lisilo na uzito. Anayesema «si mchezo» anamaanisha kwamba shughuli ni nzito. Kijana anapojibu kwamba anacheza, mzazi husikia kwamba hafanyi kitu.

Steen alikuwa mwanachama wa chama cha wachezaji kilichoitwa Starlight. Wanachama wake walipenda zaidi ile aina ya tatu ya Caillois, yaani uigizaji. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake, mwenye jina, nasaba na tabia, naye alizungumza kwa kinywa cha mhusika huyo kwa kuandika maneno papo kwa papo. Hapakuwa na maandishi yaliyotayarishwa. Msomaji wa Lubumbashi hatashangaa. Kundi la Mufwankolo la mjini humo lilikuwa likitunga michezo yake kwa namna inayokaribiana na hiyo: dhamira inakubaliwa, nafasi zinagawanywa, na maneno yanazaliwa mdomoni mwa mwigizaji anapojibizana na mwenzake. Johannes Fabian aliufuatilia mchezo mmoja wa kundi hilo mwaka 1986, uliotokana na msemo kuhusu mamlaka, akauchapisha uchunguzi wake mwaka 1990. Alichokionyesha ni kwamba maneno ya mchezo hutoa maarifa ambayo waigizaji wenyewe hawakuwa nayo kabla ya kucheza.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mwigizaji wa jukwaani akimaliza huvua nguo za mhusika, na hadhira humwona yeye mwenyewe akitembea kwenda nyumbani. Katika chama cha Starlight mpaka huo ulikuwa mwembamba. Msichana mmoja wa Uholanzi alinyang'anywa kompyuta na wazazi wake, waliohofia masomo yake. Steen aliwaandikia wazazi hao barua kueleza kile ambacho mchezo ulimpa binti yao. Mama mmoja wa Denmaki alikuwa na mtoto mwenye usonji, asiyeweza kustahimili kukumbatiwa. Kwa ushauri wa Steen mama na mwana walianza kukutana ndani ya mchezo, na wahusika wao wakakumbatiana huko. Katika visa hivi mhusika aliyeitwa Ibelin ndiye aliyeaminiwa, lakini mashauri yalikuwa ya Steen, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyejua vizuri maana ya mwili unaokataa kutii.

4. Lugha isiyo ya mama

Jambo moja halikutiliwa maanani na wengi waliozungumzia kazi hizi, nalo linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Steen alikuwa Mnorwe, na wenzake walitoka Uholanzi, Denmaki, Uingereza na kwingineko. Lugha ya chama ilikuwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho alichoandikia tafakuri zake. Ukiwaondoa Waingereza, hakuna aliyekuwa kwao katika lugha ile.

Wasomi wa nchi za lugha moja huenda wakaliona hilo kama upungufu: watu wanazungumza mambo ya moyoni kwa lugha ya kuazima. Katika Lubumbashi hukumu hiyo haiwezi kutolewa kwa haraka. Mji huo ulijengwa na watu walioletwa kutoka sehemu mbalimbali kufanya kazi katika migodi ya Union Minière na reli, na Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao, kikawa lugha ya kambi, ya soko, ya ndoa, na hatimaye ya mama kwa watoto waliozaliwa pale. Kwao ilitengenezwa kwa mazungumzo ya kila siku kati ya wageni. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu lugha ilikuwa ya kuazima, urafiki nao ulikuwa wa kuazima.

Ni kweli kwamba mfano huu una kikomo. Watu wa migodini waliishi pamoja, wakala pamoja, wakazikana. Watu wa Starlight walikutana kwa maandishi tu, na wale waliofika mazishini walimkaribia Steen kwa mara ya kwanza alipokuwa jenezani. Lakini hata kikomo hicho kinafundisha. Ikiwa maneno peke yake yaliweza kuwatoa watu katika nchi zao hadi kwenye kaburi la mtu ambaye hawajawahi kumshika mkono, basi nguvu ya maneno katika kujenga jamii ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

5. Filamu: kilichopatikana na kilichopotea

Msuko wa filamu ya Ree ni wa ustadi. Kwanza maisha ya Steen yanaonyeshwa kama wazazi walivyoyaona, kwa video za nyumbani: mtoto anazaliwa, anadhoofika, anakaa kitini, anafariki. Halafu filamu inarudi nyuma na kuyasimulia maisha hayohayo mara ya pili kutoka ndani ya mchezo. Kwa sehemu hiyo watengenezaji walitumia kumbukumbu za mazungumzo ya wachezaji, zinazotajwa kuwa kurasa zipatazo 42,000. Maneno yaliyoandikwa yalisomwa na waigizaji, na matukio yakachorwa upya kwa sura za ulimwengu wa World of Warcraft. Msuko huu una maana kwa sababu unamfanyia mtazamaji kile ambacho wazazi walifanyiwa: kwanza anahukumu, kisha hukumu yake inabatilishwa.

Hata hivyo, mambo matatu yanastahili kupingwa.

La kwanza ni sauti. Ndani ya mchezo Steen alikuwa maandishi. Kati ya neno na neno palikuwa na ukimya ambao mwenzake hakuweza kuufasiri: anafikiri, amechoka, au vidole vimekataa? Kadiri misuli ilivyodhoofika, alihitaji vifaa maalumu ili aendelee kucheza. Filamu inapompa Ibelin sauti laini inayotiririka, inaufuta ukimya huo, na pamoja nao jasho la kuandika. Mtazamaji anapata mhusika mzuri na kupoteza mwandishi.

La pili, na ndilo zito zaidi, ni namna lawama zinavyoshughulikiwa. Filamu haifichi kwamba Steen aliwahi kuwaudhi wenzake. Mhusika wake alikuwa mpenda wanawake. Yeye mwenyewe aliwaficha marafiki ugonjwa wake kwa miaka mingi. Na ulifika wakati alipowasukuma mbali kwa maneno makali. Waliumia, wakamwambia, naye akaja kuomba radhi. Lakini katika filamu mambo haya yanapita upesi kama mvua ya mchana, na jua la mazishi linayakausha. Ingefaa yakae. Maisha yake yote Steen alizungukwa na watu waliomsamehe kabla hajakosa. Nani angemgombeza mtoto aliye kitini, ambaye madaktari wamekwisha kumhesabia miaka? Ndani ya Starlight alikuwa mtu wa kugombezwa. Aliweza kumwumiza mwenzake, akaulizwa kwa nini, akatakiwa ajibu. Jamii humpa mtu heshima ya namna mbili: kumsifu anapofanya vizuri na kumwajibisha anapofanya vibaya. Heshima ya kwanza hata mgeni hupewa. Ya pili hupewa mwenyeji.

La tatu ni mwenye uwanja. Wachezaji wa World of Warcraft hulipa ada ya kila mwezi, na ulimwengu wanaoujenga kwa maneno yao ni mali ya kampuni. Blizzard, ambayo filamu inatumia sura za mchezo wake, ilikuja kuwa sehemu ya Microsoft mnamo Oktoba 2023, pale Microsoft ilipokamilisha ununuzi wa Activision Blizzard. Kwa hiyo kwao Steen ilikuwa nyumba ya kupanga. Hilo haliondoi ukweli wa urafiki uliokuwamo, kwa kuwa watu wengi hupendana katika nyumba za kupanga. Lakini mpangaji ana haki ya kujua nani anashika ufunguo, na kazi inayosifu nyumba bila kumtaja mwenye nyumba inaacha swali nje ya mlango.

6. Saa na hukumu

Msomaji mwenye busara anaweza kuuliza kama sifa hizi zote hazifungui njia kwa uzembe. Je, kila kijana anayekesha akicheza aachwe kwa sababu kijana mmoja wa Norwe alipata marafiki? Swali ni halali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa uraibu wa michezo ya kompyuta. Yafaa kuona kwamba ufafanuzi wake hauhesabu saa. Unauliza mambo mengine: je, mchezaji ameshindwa kujizuia? Je, mchezo umeyashinda mambo mengine yote ya maisha yake? Je, anaendelea hata madhara yakiwa wazi?

Ukimpima Steen kwa idadi ya saa peke yake, amepotea. Ukiuliza alichofanya katika saa hizo, jibu linabadilika: alisikiliza, alishauri, alitongoza, alidanganya, alikosa, aliomba radhi. Hiyo ndiyo orodha ya mambo ambayo kijana yeyote wa umri wake hufanya katika mtaa wake. Wazazi wake walihesabu saa kwa sababu hawakuwa na kingine cha kuhesabu. Mlango ulikuwa upande wa pili wa skrini. Hapana ubaya wa kuwalaumu hapo, kwa maana usilolijua ni usiku wa giza. Ubaya ni kuendelea kukaa gizani baada ya taa kuletwa.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba thamani ya maandishi ya Mats Steen haitokani na huzuni ya kifo chake. Inatokana na ushahidi unaotolewa na mtu aliyekuwa ndani, kwa lugha ya kuazima, juu ya jamii iliyojengwa kwa maneno. Filamu ya Ree imeupeleka ushahidi huo mbali, nayo inastahili shukrani kwa hilo. Imeulainisha pia, na mhakiki hana budi kurudi kwenye maneno yenyewe, pamoja na ukali wake.

Kwa idara za Kiswahili kuna funzo la kazi. Kumbukumbu zile zingalipotea, wazazi wasingalikuwa na cha kusoma, na kijana wao angalibaki katika historia ya familia kama mtu aliyecheza tu. Vijana wanaozungumza Kiswahili nao wanacheza na kuandikiana wanapocheza, na katika kuandikiana huko wanaunda maneno ambayo kamusi hazijayapata. Mtafiti anayetaka kuihukumu michezo yao na aanze kwa kuwaomba ruhusa ya kuyakusanya mazungumzo hayo na kuyasoma. Atayakuta matusi, mizaha, mapatano na misamaha. Akikuta kwamba mchezaji fulani amegombezwa na wenzake, kisha kesho yake amerudi, na ajue kwamba ameikuta kwao.